Kompyuta ya Baba Haikubali Kuzimwa

Mimi si fundi wa kompyuta. Nalisema hili mapema kwa sababu ukoo mzima uliamua vinginevyo, na yaliyofuata yote yalitokana na uamuzi huo. Mimi ni karani wa shule ya sekondari wilayani Biharamulo. Nachapa barua za mkuu wa shule, mitihani na majina ya wanafunzi. Mashine ikigoma namwita mwalimu wa fizikia, naye akishindwa tunaizima tunakwenda kunywa chai. Lakini kwetu Keza, mtu anayekaa mbele ya kompyuta kutwa nzima anahesabiwa kuwa anaijua mpaka utumbo wake. Kwa hiyo kompyuta ya marehemu baba ilipoanza kuwaka yenyewe, simu zote zilikuja kwangu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu alinunua kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, akaiweka sebuleni juu ya meza aliyokuwa akisahihishia madaftari. Kazi yake ikawa kuwaandikia watu barua. Mtu ana mgogoro wa mpaka, aende kwa mwalimu. Mtu anamwombea mtoto uhamisho, aende kwa mwalimu. Walipita Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, walipita watu wenye asili ya Burundi ambao Kiswahili cha ofisini kinawapiga chenga, na walipita Wahangaza wenzetu ambao kinawapiga chenga vilevile ila hawakubali. Mchana aliwasikiliza na kuandika kwenye daftari. Ikifika saa mbili na nusu, akishakula na kusikiliza taarifa ya habari, aliwasha mashine akachapa, na mama akakaa kiti cha pembeni akifuma vitambaa. Hawakuwa watu wa maongezi. Feni ya ile mashine ilikuwa inanguruma, na huo mngurumo ndio uliokuwa maongezi yao kwa miaka.

Niseme habari ya vitambaa, maana nyumba yetu haina kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa chake. Makochi yana vitambaa mgongoni na mikononi. Hata ndoo ya maji ya kunywa ina kitambaa. Kompyuta ilipoingia, mama aliitazama siku mbili tu, na kabla ya wiki kwisha alikuwa ameifumia kitambaa kikubwa cheupe chenye maua ya njano, kinachofunika kioo na kushuka mpaka juu ya kibodi. Baba alisema kizuri. Kwa baba hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Jambo jingine ni karatasi. Siku moja mama alichomoa plagi ya kompyuta ili achaji simu, na baba alikuwa katikati ya barua ya kurasa tatu. Barua yote ikapotea. Baba hakufoka. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika USICHOMOE kwa herufi kubwa za ubaoni, akaibandika ile karatasi ukutani juu ya soketi. Tangu siku hiyo mama hakuigusa tena soketi hiyo hata kwa ufagio.

Baba alifariki wakati wa mvua. Tukazika, siku za kutoshika jembe zikapita, matanga yakaondolewa, na nguo zake zikagawiwa kama ilivyo desturi. Baba mdogo, mdogo wake wa kumfuata, alipewa lile koti zito jeusi ambalo baba alilivaa asubuhi zote za baridi. Alipolijaribu tukakuta halina kifungo hata kimoja. Mashati nayo yalikuwa hivyohivyo. Mashangazi wakaguna kwamba kuna mtu amepita na mkasi. Hakuna aliyethubutu kumuuliza mjane habari ya vifungo. Baba mdogo akalivaa koti lake na pini.

Kwetu mjane haachwi peke yake, tena mama ana presha. Akaletewa binti wa shangazi aje akae naye. Wiki ya tatu binti huyo akanipigia simu, anaongea kwa kunong'ona.

"Dada, kompyuta ya mjomba imejiwasha."

"Imejiwashaje?"

"Tumekula, tumesikiliza habari, mama akaifunika. Tumekaa kidogo ikanguruma yenyewe."

"Mliizima vizuri?"

"Nimeizima mara mbili, dada. Mama anaifunika, inawaka tena."

Nikamwambia umeme ukikatika na kurudi, mashine nyingine huwaka zenyewe. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Akaniuliza kama umeme unaweza kukatika na kurudi huku taa haijazimika. Nikamwambia asiwe mwoga. Siku ya nne baada ya simu hiyo alifunga mzigo wake akarudi kwao Kasulo. Akaletewa binti mwingine, mkubwa zaidi, mwenye sifa ya kutoogopa hata nyoka. Huyo alikaa siku sita. Aliponipigia alikuwa tayari yuko kwenye bodaboda.

Kilichowatisha hasa ni saa. Ingejiwasha asubuhi tungesema ni ubovu. Yenyewe ilikuwa inawaka saa mbili na nusu, siku nyingine saa tatu kasorobo, ile ile saa ya mwenyewe. Habari ikatembea Keza nzima. Watu waliokuwa wakija kumsabahi mama wakaanza kuja asubuhi tu. Baba mdogo akaitisha kikao cha familia, nami nikaitwa.

Nilikuja Jumamosi. Nikamkuta baba mdogo sebuleni, koti limefungwa kwa pini mbili, amekaa kochi lililo mbali kabisa na ile meza.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba binti yangu. Sasa nisikilize. Mimi sisemi ni nini, na sitaki mtu aniambie ni nini. Ninachosema, shemeji hawezi kukaa humu peke yake na presha yake, na hakuna binti anayekubali kulala humu. Tumepanga kujengea kaburi baada ya mavuno ya maharage. Ikifika siku hiyo na hicho chombo bado kinaamka chenyewe, shemeji anahamia kwangu, na nyumba inafungwa."

Nilimtazama mama. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuinua kichwa. Nyumba hiyo aliijenga pamoja na baba, alibeba maji ya kufyatulia matofali yake akiwa na mimba yangu. Nikajisemea kwamba nikiwa hai, mama yangu hatatolewa nyumbani kwake kwa sababu ya mashine. Ndipo kiherehere kikanishika. Nikasema mbele ya wote, "Nipeni muda. Nitaitengeneza." Laiti ningeuma ulimi.

Mchana ule niliikagua. Kitufe cha kuwashia kilikuwa kimezama ndani ya boksi, limebaki tundu.

"Hii baba alikuwa anaiwashaje?" nikamuuliza mama.

"Bonyeza popote," akasema, akionyesha kibodi. "Kuna fundi mmoja alimwekea hivyo kitufe kilipoharibika. Amekwishahama."

Nikabonyeza herufi moja, ikawaka. Nikaizima, ikazimika, ikakaa kimya. Nikakaa nayo saa nzima, kimya. Nikaingia ndani yake nikatafuta kama kuna mahali imepangiwa saa ya kuamka. Nilifungua kila nilichoweza kufungua, nikasoma Kiingereza nisichokielewa, nikafunga. Sikuona saa yoyote. Nikamwambia mama imepona, na nikaamini.

Tukala. Taarifa ya habari ikaisha. Mama akaenda sebuleni kufunika, mimi nikabaki jikoni nikikusanya vyombo. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha pembeni, sindano ya kufumia mkononi, anatazama meza. Sikumaliza hata kuketi. Ikalia ule mlio wake mmoja mfupi, feni ikaanza kunguruma, na mwanga wa buluu ukapenya kwenye matundu ya maua ya njano.

Mimi ni mtu mzima, nimesoma, na kanisani nakaa viti vya mbele. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Nilimtazama mama nikitegemea kumwona anatetemeka. Alikuwa ameanza kufuma.

"Mama, huogopi?"

"Niogope nini," akasema.

Nikanyakua kitambaa, nikakitupa kwenye kochi, nikaizima kwa hasira. Haikuwaka tena mpaka asubuhi. Nikadhani imenisikia.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikaifunga sipiyu, lile boksi lake, kwenye blanketi ili niipeleke mjini Ngara. Waya niliuchomoa nyuma ya boksi. Plagi ya ukutani ikabaki mahali pake chini ya ile karatasi, maana mama alikuwa amesimama pale akinitazama mikono. Nilipanda bodaboda nimeipakata kama mtoto wa kliniki. Fundi, kijana mpole mwenye duka upande wa kwenda Nyamiaga, aliifungua, akapuliza vumbi, akabaki nayo wiki nzima. Kila jioni nilimpigia.

"Imewaka?"

"Haijawaka, dada. Imelala."

Wiki ilipokwisha akaniambia mashine haina ugonjwa wowote, kisha akasita kidogo akaniuliza, "Nyumbani kwenu kuna nini?" Nilikasirika kwa sababu swali hilo lilikuwa limeanza kunijia mimi mwenyewe. Nikairudisha Keza. Jioni hiyo hiyo, saa mbili na dakika arobaini, ikawaka.

Nilimpigia fundi. Akasema basi izimwe ukutani kila jioni, plagi ichomolewe, mchezo umekwisha. Nikainama kuelekea kwenye soketi.

"Hapo usiguse." Ilikuwa sauti ya mama, na haikuwa sauti ya kuomba.

"Mama, ni plagi tu."

"Baba yako aliandika."

"Baba aliandika akiwa anachapa. Sasa nani anachapa?"

Akaendelea kufuma. Nilijua nimesema vibaya kabla sijafunga mdomo, lakini mimi nikishapanda sishuki haraka. Nikasema basi naibeba niende nayo Biharamulo, ikakae ofisini kwangu, yaishe. Mama akaweka sindano yake mapajani.

"Ukiichukua, mimi nitakaa na nini?"

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia. Ila nilidhani anazungumzia mali ya marehemu, kwamba hataki vitu vya mume wake vianze kutoka nyumbani kimoja kimoja kama nguo zilivyotoka. Nikamwambia haya, itabaki, na nikaona nimekuwa mtoto mwema.

Wiki zilizofuata nilikuwa mtu wa kuhangaika tu. Mwalimu wa fizikia alinipa nadharia tatu, zote zikashindwa. Shangazi alimleta mtu wa maombi, akaomba kwa nguvu mchana kutwa, na ile mashine ikamvumilia mpaka alipokwisha kwenda zake. Kila Jumamosi nilikuwa barabarani, Biharamulo mpaka Kasulo, Kasulo mpaka Keza, na kila Jumapili nilirudi bila jibu. Nikawa nachapa barua za mkuu wa shule huku nikiiangalia kompyuta ya ofisini kwa jicho la chuki. Maharage yalikuwa yanakauka shambani. Kila nilipoona mtu ameyaanika uani nilihesabu siku, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kalenda ya baba mdogo.

Siku moja kabla ya kujengea kaburi, nyumba ilijaa. Saruji imefika, mchanga umefika, wanawake wako uani wanamenya ndizi, wanaume wako kwenye pombe yao. Baba mdogo alikuwa amekwishamwandalia mama chumba, na aliniambia kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza. Jioni mama alipokwenda kufunika kompyuta nilimfuata, nikasubiri atoke kuangalia sufuria, halafu nikapiga magoti mbele ya ile meza. Nilikusudia kuitazama bila kupepesa macho mpaka iwake. Sikuwa na mpango mwingine.

Nikakaa. Upepo mdogo ukaingia mlangoni. Kitambaa, ambacho mama alikuwa amekilaza vizuri juu ya kioo, kikateleza kidogo kama blanketi linavyoteleza kitandani. Pembe yake moja ikashuka juu ya kibodi. Nikasikia tk. Mashine ikalia mlio wake, feni ikanguruma.

Nikaishika ile pembe. Ilikuwa nzito. Nikaigeuza, nikakuta vifungo vikubwa vyeusi vya koti vimeshonewa pamoja, fundo zima, na pembeni yake vimezungukwa na vidogo vyeupe vya mashati. Pembe zote nne zilikuwa hivyo. Mama alikuwa amekata vifungo vyote vya baba kabla nguo hazijagawiwa, akavishona kwenye kitambaa cha kompyuta yake.

Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Mabinti wawili wamekimbia, mtu wa maombi ameishiwa sauti, mimi nimemaliza Jumamosi zangu zote, kumbe ni vifungo. Huko kwa fundi isingewaka hata mwaka mzima, maana kibodi na kitambaa vilibaki huku nyumbani.

Hapo ndipo ningemwita mama. Angekuja, ningemwonyesha, tungekaa chini tukaongea. Lakini nilimwazia aibu yake. Niliona nikimwambia ni vifungo, itabidi avitoe, na wote watajua mkasi ulikuwa wa nani. Nikaona bora nimsitiri. Kitambaa kibaki, vifungo vibaki, niiondolee mashine ile tabia ya kuamshwa na kibodi, basi. Nilijiona nina busara kupindukia.

Nikampigia fundi. Akaniongoza kwa simu: zima, washa, bonyeza kitufe cha kufutia harakaharaka, utaona ukurasa wa buluu, shuka mpaka panapohusu umeme, tafuta penye kibodi, weka hapana. Nilikosea mara tatu, ya nne nikafika. Nikaweka hapana. Ikazimika. Nikabonyeza herufi, kimya. Nikabonyeza kibodi nzima kwa viganja viwili, kimya. Kuanzia hapo njia pekee ya kuiwasha ikawa kuchomeka sindano ya kufumia ya mama kwenye lile tundu na kusukuma.

Mimi mwenyewe ndiye niliyeifunika. Tukakaa sebuleni, mimi, baba mdogo, shangazi, na wengine wamejaa mlangoni. Saa mbili na nusu. Saa tatu. Saa tatu na nusu. Baba mdogo akashusha pumzi.

"Binti umetuokoa," akasema. "Ilikuwa nini?"

"Ubovu mdogo tu wa ndani," nikasema.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Alikuwa ananitazama, kisha akatazama kitambaa, kisha akanitazama tena.

"Umeitengeneza," akasema.

"Nimeitengeneza, mama."

"Asante mwanangu." Akainuka akaenda jikoni, na hakurudi sebuleni usiku ule.

Kaburi likajengewa. Baba mdogo alitimiza neno lake, mama akabaki nyumbani kwake, na binti asiyeogopa nyoka akarudi kukaa naye. Nilirudi Biharamulo nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Wiki ya kwanza mama alinipigia simu saa tatu usiku, jambo ambalo si kawaida yake. Tukasalimiana, akasema, "Nimefunika." Nikasema vizuri mama. Akasema, "Haya, lala salama." Wiki ya pili akapiga siku nne. Kila mara alisema amefunika, na kila mara nilimpongeza kama mtoto aliyeoga mwenyewe. Wiki ya tatu binti akanipigia, akasema mama hali chakula vizuri, na jioni anakaa kwenye kile kiti mpaka anasinzia hapohapo. Halafu mama mwenyewe akapiga, mchana, nikiwa ofisini.

"Uje unichukue."

"Nikuchukue wapi, mama? Kuna nini?"

"Nije kukaa kwako. Humu ndani kumekuwa kimya."

Nilifika kesho yake. Mfuko wake ulikuwa umekwishafungwa, uko mlangoni. Aliitikia shikamoo yangu, akaniletea uji, akaketi kwenye kiti cha pembeni. Nikashindwa kuunywa. Nikamwambia yote: kwamba nilikuta vifungo, kwamba nilinyamaza kwa kumsitiri, kwamba niliizima njia ya kibodi. Nikasema mama nisamehe, sikujua kama ulikuwa unafikiri ni baba.

Nikaona mama amenihurumia.

"Mwanangu, nani alishona vile vifungo?"

"Wewe."

"Basi mimi sijui uzito wake? Nilijua siku ya kwanza. Kitambaa kilianguka mbele ya macho yangu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, wakati mabinti wanakimbia, wakati baba mdogo anataka kumhamisha, wakati mimi napanda na kushuka magari kila wiki.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema. "Mliuliza fundi. Mkauliza mtu wa maombi. Baba yako mdogo akasema hataki kuambiwa. Mimi nilikuwa nakaa hapa hapa." Akalainisha kitambaa cha mkono wa kiti. "Nilikuwa siibonyezi, ujue. Naweka kitambaa, nakaa na kazi yangu, nasubiri. Kuna siku anawahi, kuna siku anachelewa. Kama alivyokuwa."

Nilisimama. Nikasema nitairudisha ilivyokuwa, sasa hivi. Nikachukua sindano yake ya kufumia, nikaichomeka kwenye tundu, mashine ikawaka, feni ikanguruma. Nikamgeukia nikiwa na furaha ya kijinga.

"Hiyo umeiwasha wewe," akasema.

Nikampigia fundi, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikajaribu mwenyewe ule ukurasa wa buluu. Nilizima na kuwasha mara ngapi sijui. Mara nachelewa kubonyeza, mara nawahi. Nilipoufikia sikukumbuka nilipita wapi, maneno yote yanafanana. Nikaweka ndiyo kila nilipoona hapana. Nikazima, nikachukua pembe ya kitambaa, nikaiangusha juu ya kibodi. Tk. Hakuna kitu. Nikaiangusha tena. Nikaiangusha kutoka juu zaidi. Nilikuwa nalia sasa, karani mzima wa shule, naangusha vifungo vya baba yangu juu ya kibodi kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

"Acha," mama akasema. "Umechoka."

Akaninyang'anya kitambaa taratibu, akakikunja mara nne, vifungo vikawa ndani. Akamwita binti afunge madirisha. Kisha akainama pale ukutani, kwa shida, mkono mmoja gotini, akaibandua ile karatasi ya baba bila kuichana, akaiweka katikati ya kitambaa. Akachomoa plagi.